Haller Park kwa mtazamaji wa ndege: mabwawa kwanza, twiga baadaye

Mgeni wa kawaida wa Haller Park huingia na ratiba kichwani: saa tano asubuhi twiga wanalishwa, saa tisa alasiri wanalishwa tena, saa kumi zamu ya viboko, halafu picha na kobe mkubwa na safari ya nyumbani. Anayefuata ndege aigeuze ratiba hiyo juu chini. Ndege wako mabwawani, na hutulia zaidi pale umati unapokuwa umekwenda kwa twiga.

Hukumu yetu kwa asiye na muda wa kusoma yote ni hii. Mabwawa ni mazuri. Kwa mtu wa Nyali, Kisauni au Mtwapa si rahisi kupata pengine pa kusimama hatua kumi kutoka kwa korongo wa usiku bila kukanyaga tope. Msitu wa mivinje unaoyazunguka hauna mengi kwa ndege. Saa ya kufungua lango ndiyo kasoro kubwa. Na orodha utakayotoka nayo itategemea upepo unaovuma kuliko bidii yako: kaskazi huleta ndege wake na kusi huleta wake.

Bustani iko Bamburi, kwenye barabara ya Mombasa kwenda Malindi, kiasi cha kilomita 10 kutoka kisiwani, na lango liko upande wa bara. Matatu za Bamburi na Mtwapa zikishavuka daraja la Nyali hupita mbele yake. Makonda wote wanapajua, na wazee wengine bado hupaita Nature Trail, jina la zamani.

Kabla ya ndege, maji yenyewe. Hapa palikuwa shimo la machimbo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji miaka ya 1950 na kikakwangua mawe ya matumbawe mpaka karibu na usawa wa maji ya ardhini, kikaacha uwanja mweupe usioota hata magugu. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26, zikashika 3: mvinje, mnazi na mti mmoja wa jamii ya konokapusi (Conocarpus). Mvinje ulishinda kwa sababu unavumilia chumvi na hujitengenezea naitrojeni kwenye mizizi. Lakini majani yake kama sindano yalirundikana chini bila kuoza, mpaka wakaletwa majongoo, wale weusi wenye miguu myekundu. Wakayala, wakayageuza kuwa udongo. Majongoo hao bado wapo. Angalia unapokanyaga.

Kwa mtazamaji wa ndege, la maana katika habari hiyo ni kwamba sakafu iko karibu sana na maji. Ukichimba kidogo tu unapata bwawa, na bwawa hilo haliishi maji Januari na Februari, wakati madimbwi ya mvua ya Kisauni na Kiembeni yamebaki tope lililopasuka. Maji yana chumvi kidogo, kiasi ambacho perege anakivumilia bila shida, na perege ndiye anayewavuta korongo, minandi na wadiria. Ukame ukizidi nje, mabwawa haya hujaa ndege zaidi. Ndiyo maana tunasema mwezi mbaya kwa mkulima ni mwezi mzuri hapa.

Sakafu ya machimbo ni tambarare kabisa, kwa hiyo njia hazina mlima wala ngazi za kuchosha. Mzee mwenye magoti mabovu na mtoto wa miaka sita wataimaliza bila kulalamika. Vaa viatu vilivyofunika vidole: kokoto za matumbawe ni kali na huingia kwenye ndara.

Saa na jua

Lango hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Kwa Mombasa, ambako jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili kamili na saa kumi na mbili u nusu, maana yake ni kwamba saa moja na nusu hadi mbili za mwanzo, zile ambazo ndege huimba na kula kwa pupa, zimekwisha kabla hujakata tiketi. Kwa ndege wa msituni hasara hiyo hailipiki. Kwa ndege wa majini inavumilika, kwa sababu korongo na mdiria huwinda mchana kutwa, ila huhamia kivulini joto linapopanda.

Basi uwe langoni saa mbili kasoro dakika kumi na uende moja kwa moja kwenye mabwawa ya samaki. Usishawishike na mamba. Una muda wa saa mbili na nusu hivi kabla makundi ya wanafunzi hayajafika na kabla joto halijawanyamazisha ndege. Siku za katikati ya wiki ni bora kuliko Jumamosi na Jumapili. Sikukuu za Idi na Krismasi usijaribu, labda kama unatazama watu.

Asubuhi jua linatoka upande wa bahari, yaani upande wa barabara kuu. Simama upande huo wa bwawa, jua likiwa mgongoni, utazame kuelekea bara. Ukisimama ng'ambo, kila ndege ni kivuli cheusi juu ya maji yanayong'aa, na ndivyo watu wanavyoandika "mnandi" kwa ndege ambaye ni korongo aliyekunja shingo. Alasiri geuza kinyume. Jambo dogo hili linaokoa utambuzi mwingi kuliko darubini ya bei kubwa.

Darubini gani

Kwa mabwawa haya chukua 8x42. Namba ya kwanza ni mara ngapi picha inakuzwa, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawa ya pili kwa ya kwanza, unapata kipenyo cha mwanga unaofika jichoni: hapa ni milimita 5 na ushei, na inatosha chini ya kivuli kizito cha mivinje. Darubini ndogo ya mfukoni ya 8x25 hutoa milimita 3 tu. Juani iko sawa, kivulini inatia giza. Ile ya 10x42 wanayoipenda watu wa mbugani hapa inakuletea tabu: ndege wako mita 5 hadi 30, mkono ukitikisika kidogo picha nzima inaruka, na duara unaloliona ni dogo, kwa hiyo mdiria akiruka umempoteza.

Sifa nyingine ambayo wauzaji hawaitaji sana ni umbali wa karibu ambao darubini bado inaweza kuonyesha picha safi. Iwe mita 2 au pungufu. Hapa mnana anaweza kusuka kiota mita 3 kutoka uso wako, na darubini isiyoweza kushuka chini ya mita 5 itakuonyesha ukungu wa manjano.

Watu wengi hulaumu darubini kumbe hawajairekebisha. Kunja au kunjua bawaba ya katikati mpaka maduara mawili yawe moja. Fumba jicho la kulia, tazama kitu kisichosogea kwa la kushoto, zungusha gurudumu la katikati mpaka kitu kiwe safi. Kisha fumba la kushoto, tazama kitu kilekile kwa la kulia, na safari hii zungusha ile pete ndogo iliyo kwenye jicho la kulia, usiguse gurudumu. Kumbuka pete imesimama kwenye alama gani. Baada ya hapo ni gurudumu tu. Mwenye miwani ashushe vikombe vya macho mpaka chini, asiyevaa avipandishe.

Pwani ina maadui wawili wa lenzi. Wa kwanza ni kuvu, anayeota ndani kama utando wa buibui darubini ikikaa kabatini kwenye unyevu. Hifadhi kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vile vijifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Wa pili ni vumbi la matumbawe na chumvi ya upepo: ukifuta lenzi kwa shati, umeipiga msasa. Pulizia kwanza, piga brashi laini, ndipo ufute. Na kama umelala kwenye chumba cha kiyoyozi, toa darubini nje robo saa kabla ya kuondoka, la sivyo itafuka ukungu na utafika kwenye bwawa la kwanza ukiwa kipofu.

Nani yuko majini

Anza kwa kusimama. Chagua pembe moja ya bwawa, kaa dakika 20 bila kusogea, pitisha darubini kutoka kushoto kwenda kulia kwenye ukingo wa maji, halafu kwenye matawi yaliyoinama, halafu angani. Wanaozunguka bwawa mara tatu kwa haraka huona yangeyange na mnandi, basi. Wanaosimama huona wengine.

Mnandi mdogo hatakupa kazi: mweusi, mkia mrefu, jicho jekundu, mabawa ameyaanika kama kanzu kwenye kamba. Detepwani ni mdiria mweusi kwa mweupe na hupenda kusimama angani akipepea, mdomo umeelekea chini, kisha anaanguka kama jiwe. Ukitaka kujua dume na jike tazama kifua. Dume ana mikanda miwili myeusi, jike mmoja, nao umekatika katikati. Akishika samaki hamezi papo hapo. Humpiga kwenye tawi, kushoto na kulia, mpaka miiba ilegee, kisha humgeuza kichwa kitangulie ili mapezi yasimkwame kooni. Hesabu mapigo: perege mdogo hupata machache, mkubwa hupigwa mpaka mtazamaji anamwonea huruma. Kisharifu, mdiria mdogo wa bluu mwenye mdomo mwekundu, hukaa chini zaidi, mara nyingi nusu mita tu juu ya maji, kwenye unyasi au mzizi. Mwenye mdomo mweusi ni kinda, si aina nyingine.

Korongo wa usiku ndiye anayewafanya watazamaji warudi. Mchana hulala mtini juu ya maji, amejikunja, mgongo mweusi, tumbo la kijivu-cheupe, jicho jekundu kama punje ya komamanga. Makinda yake ni ya kahawia yenye madoa meupe mgongoni kama matone ya chokaa, na hapo ndipo kosa la kwanza la orodha nyingi hutokea: huandikwa kama aina nyingine. Tazama mdomo, ni mnene, na shingo ni fupi kama aliyeinua mabega.

Kosa la pili ni korongo mdogo wa mgongo wa kijani-kijivu, anayejibanza ukingoni kama mzizi. Huyu huvua kwa akili, na katika sehemu mbalimbali za dunia ameonekana akidondosha mdudu au kipande cha chakula majini kama chambo. Kwa hiyo mahali samaki wanapotupiwa chakula ni pa kumvizia. Akinyoosha shingo ghafla, urefu wake unaongezeka mara mbili, na wengi hudhani amekuja ndege mwingine.

Kiluwiri mweusi utamsikia kabla ya kumwona: sauti ya mikwaruzo na ngurumo ndogo, wawili wakipokezana ndani ya nyasi. Subiri. Akitoka ni mweusi tii, mdomo wa manjano, miguu myekundu, anatembea kama anayechelewa benki. Kukuziwa ana mdomo mwekundu wenye ncha ya manjano na ukanda mweupe ubavuni. Kibisi ni kile kibata kisicho na mkia kinachozama na kuibuka pengine. Penye mayungiyungi tafuta sile-maua mwenye vidole virefu kupita kiasi, anayetembea juu ya majani bila kuzama. Kwa ndege huyo dume ndiye anayeatamia, jike huenda zake kutafuta mume mwingine. Fundichuma, wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, huburuta mguu kwenye tope kuwashtua vyura.

Korongo taji wanaotembea kwenye nyasi ni wazuri, lakini usiwaandike kwenye orodha yako ya porini. Ndivyo pia kwa mbuni. Ndege wa kufugwa kwenye bustani hawahesabiwi, hata kama hakuna waya unaoonekana.

Mnana, na sababu ya kusuka juu ya maji

Mvua za masika zikianza, matawi yanayoning'inia juu ya bwawa hugeuka kijiji. Wanaosuka ni wa aina zaidi ya moja, na manjano ni yaleyale, kwa hiyo usitazame rangi ya mwili, tazama jicho. Mnana wa minazi, Ploceus bojeri, ana kichwa cha rangi ya dhahabu inayoelekea chungwa na jicho jeusi-kahawia. Mwenzake Ploceus subaureus ana jicho jekundu-jekundu. Mwenye uso mweusi na jicho jekundu ni kwera. Majike wa wote watatu watakutesa. Mtambue jike kwa kiota anachoingia, na usipoona akiingia, acha bila jina.

Kaa chini ya tawi moja, umtazame kwera dume mmoja akifanya kazi. Hutua kwenye ukingo wa kuti la mnazi, huuma upande mmoja, kisha huruka akiwa ameushika, na uzi mrefu wa kijani unachanika. Anauleta, anafunga duara kwanza, kama kitanzi, anasimama ndani yake na kusuka kadiri mdomo unavyofika mbele na juu, ndiyo maana chumba hutoka mviringo. Kikiisha huning'inia chini ya mlango kichwa kikiwa chini, anapiga mabawa na kupiga makelele. Jike huja, huingia, huvuta nyuzi mbili tatu kupima. Kiota kibichi cha kijani kina nafasi. Kilichokwisha kukauka na kuwa cha kahawia hakipendwi, na mwenyewe hukibomoa asuke upya palepale. Ukiona nyuzi zinaanguka majini, si ajali, ni ukarabati.

Maji yaliyo chini ni ulinzi: nyoka na panya hawawezi kurukia kutoka chini, na ncha ya kitawi haimbebi tumbili. Lakini ulinzi huo haumzuii kunguru wa Kihindi. Huyu alifikishwa Unguja miaka ya 1890, akaenea pwani yote, na Mombasa ndiye bwana. Hutoboa viota, hula mayai na makinda, na humfukuza mwewe mchana kweupe. Mapema mwaka 2024 Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja kabla ya mwaka kwisha. Kwa mtazamaji, kunguru wana faida moja: wakikusanyika kwa kelele kwenye mti mmoja, kimbilia hapo. Mara nyingi ndani yake kuna bundi au kozi aliyekosa amani.

Pepo mbili

Kuanzia Septemba hivi mpaka Aprili, bwawa lina wageni wa kaskazini. Kitwitwi mwenye tabia ya kutikisa kiuno bila kukoma hutembea kwenye ukingo wa mawe, peke yake, na mbayuwayu hushuka kunywa maji bila kutua, mdomo ukichora mstari juu ya maji. Tangu Novemba mpaka Machi keremkerem wekundu hupita juu ya vilele vya mivinje. Hii ndiyo kaskazi, na ndiyo wakati ambao orodha huwa ndefu.

Kusi kikishika, kuanzia Mei, wengi huacha kuja wakidhani msimu umekwisha. Hapo ndipo tunapotofautiana nao. Kusi ndicho kinachofika na wageni wa Bukini, yaani Madagaska: keremkerem wa rangi ya zeituni wenye utosi wa kahawia, na, ukibahatika, korongo mdogo wa Bukini, Ardeola idae, ambaye yuko kwenye orodha ya ndege walio hatarini duniani. Tatizo ni kwamba ana pacha. Korongo wa kawaida wa jamii hiyo, Ardeola ralloides, yupo mwaka mzima, naye pia akisimama ni wa kahawia na akiruka anageuka mweupe ghafla. Kumtenganisha huhitaji mwanga mzuri. Yule wa Bukini ana michirizi minene na myeusi zaidi kifuani na shingoni, na mdomo mzito zaidi. Michirizi myembamba ya hudhurungi juu ya rangi ya mchanga ni yule wa kawaida. Kama umemwona akiruka tu, huna ushahidi. Kati ya Mei na Oktoba kagua kila korongo wa namna hiyo mara mbili, nje ya miezi hiyo usijisumbue.

Msitu

Hapa tutakuwa wafupi kwa sababu mahali penyewe pana machache. Mivinje mitupu ina upepo mtamu na kivuli, wadudu kidogo, matunda hamna. Pita haraka. Simama pale tu miti ya kienyeji ilipochanganyika, hasa mkuyu ukiwa na matunda: hapo hupata hondohondo, ninga na shore kwa wakati mmoja. Kwenye minazi sikiliza teleka wakipita chini ya makuti. Dudumizi yuko kwenye vichaka vya ukingoni, sauti yake kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye mtungi wa shingo nyembamba. Wenyeji husema anaita mvua. Anayetaka uwanda, nyasi na mikoche badala ya kivuli aende hifadhi ya Nguuni, upande wa Kiembeni, siku nyingine. Usijaribu kuviunganisha asubuhi moja.

Yanayoharibu siku

Tumbili wanajua zipu. Mkoba wa ndizi na maandazi ukiuweka chini ili ushike darubini kwa mikono miwili, umewapa. Beba maji lita moja kwa mtu na chakula ukiache garini au ukile nje. Usiwatupie ndege mkate: huoza majini, na korongo wakizoea mkono wa mtu huacha kuwinda na wewe huoni tena kile ulichokuja kukiona.

Nguo nyeupe zinang'aa vibaya chini ya mivinje. Kijani kilichopauka au kahawia ni bora. Simu usicheze sauti za ndege ili wajitokeze, hasa msimu wa viota: dume huacha kusuka akatafuta adui asiyekuwepo. Kwenye mabwawa ya viboko na mamba usiegemee ukuta wala kunyoosha mkono na simu. Picha nzuri ya kupitia simu hupatikana kwa kugusisha lenzi ya simu kwenye jicho moja la darubini, kikombe cha jicho kimeshushwa, mkono mmoja umezishika zote mbili pamoja. Sogeza taratibu mpaka duara jeusi la pembeni litoweke.

Wasiotembea na daftari wanapoteza nusu ya ziara. Mradi wa Ramani ya Ndege ya Kenya (Kenya Bird Map) hukusanya orodha za watazamaji kwa miraba ya dakika 5 kwa dakika 5 za latitudo na longitudo, yaani kilomita 9 na kitu kila upande, kwa hiyo Haller Park ni kona moja tu ya mraba wake. Orodha kamili inataka angalau saa 2 za kutazama, aina ziandikwe kwa mpangilio ulivyoziona, na unaruhusiwa kuongeza aina mpya kwa siku 5. Programu ya simu ya BirdLasser hufanya hesabu ya mraba yenyewe na haihitaji intaneti uwapo bwawani. Andika na kunguru. Watu huwaacha kwa hasira, na matokeo yake ni ramani inayoonyesha Mombasa bila kunguru.

Kama umeingia alasiri badala ya asubuhi, tumia saa ya mwisho vizuri. Saa kumi watu wote huelekea kwa viboko. Wewe rudi kwenye mabwawa ya samaki, simama upande wa bara safari hii, na utazame mti waliolala korongo wa usiku. Mmoja hunyoosha bawa moja na mguu mmoja kwa pamoja, hukuna kichwa, husogea hatua mbili kwenye tawi. Kisha husikika "kwok" moja, nzito, kama mtu aliyegonga mlango wa mbao mara moja akaacha. Mara nyingi ni wakati huohuo walinzi wanaanza kuwaelekeza watu langoni.